Koti la senesio na hoja ya msanifu

Mwezi uliopita nilikuwa Barranco, kambi ya juu Mlima Kilimanjaro, na vijana wanaosomea kuongoza wageni mlimani. Mimi huwafundisha mimea. Alfajiri, maji ya kwenye chupa yameganda, nilimwambia mmoja wao avue glavu na kuingiza mkono katikati ya majani makavu yaliyolizunguka kama koti shina la senesio, mmea mkubwa kama mti unaoota huko juu mlimani. Nje majani yalikuwa meupe kwa barafu nyembamba. Akauacha mkono humo kitambo.

"Mwalimu, humu pakavu, wala baridi si kama ya nje. Sasa hapa utaniambia hakuna aliyekaa akapanga?"

Swali hilo nalipenda. Lina hata jina, usanifu wenye akili: yaani viumbe vina mpangilio usioelezeka bila akili iliyoupanga. Kasisi Mwingereza William Paley aliandika mwaka 1802 kwamba ukikuta saa nyikani, hutasema imejitokea tu. Mwaka 1996 mwanabiokemia Mmarekani, Michael Behe, akaikaza hoja hiyo: ndani ya chembe hai kuna mitambo ambayo ukitoa kipande kimoja tu inaacha kufanya kazi, kwa hiyo haikuweza kujengwa kidogo kidogo.

Na kweli, ukiitazama senesio haraka, unaweza kumkubali Behe. Usiku majani mabichi ya kileleni hujikunja na kukikumbatia kichipukizi kisigande. Kiini laini cha shina hutunza maji, nayo majani huyategemea asubuhi, jua likiwa limeshachoma na udongo bado baridi mno kwa mizizi kunyonya. Bila koti la majani yaliyokufa, kiini hicho kingeganda. Kila kimoja kinamtegemea mwenzake.

Lakini shuka mpakani mwa msitu. Huko baridi ina huruma, na baadhi ya senesio huangusha majani yaliyokufa, shina likabaki na gamba lake. Zinaishi vizuri tu. Tena, ili mmea upate koti hauhitaji kiungo kipya. Unahitaji kuchelewa kuangusha jani. Mtu wa Uchaggani hahitaji darasa kwa hili. Mgomba wa kihambani usipopogolewa, majani makavu yananing'inia shinani mpaka unaona aibu mgeni akipita. Hakuna aliyeubunia mgomba koti. Sasa weka tabia hiyo mahali panapoganda kila usiku: mmea unaochelewa kidogo kuangusha majani unaumia kidogo kuliko jirani yake, na unaacha mbegu nyingi zaidi. Nusu koti ni bora kuliko kulala wazi. Kile ambacho leo hakiwezi kukosekana, zamani kilikuwa nafuu tu.

Kinachonishawishi zaidi, hata hivyo, ni ukoo. Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walichapisha uchunguzi wa DNA ya kloroplasti (vijisehemu vya kijani ndani ya chembe za majani) ya senesio kubwa za Afrika Mashariki. Zilionekana kuwa ndugu wa karibu mno, na wakapendekeza kwamba babu yao aliishi juu Kilimanjaro yapata miaka milioni moja iliyopita, kisha uzao ukasambaa mlima kwa mlima. Kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kuna mmea uitwao Espeletia: koti lile lile, umbo lile lile la shina refu lenye kichwa cha majani. Ukikutana nao gizani utasema ni wa kwetu. Lakini ukoo wake uko upande wa alizeti. Baridi ile ile ilizikuta koo mbili na kuzifikisha kwenye umbo moja.

Watetezi wa usanifu hunijibu kwamba msanifu ana uhuru wa kurudia umbo alilolipenda. Sawa, lakini jibu hilo linakubali chochote tutakachokiona kesho, na kwa hiyo hatuna pa kulipima. Desemba 2005, katika kesi kuhusu kuuingiza usanifu huo katika masomo ya shule za Dover, Pennsylvania, Marekani, Jaji John E. Jones III aliamua kwamba usanifu wenye akili si sayansi. Naona alikuwa sahihi.

Mimi ni Mlutheri na naimba kwaya. Jumapili nikikiri kwamba Mungu ni Muumba, nakiri kwa moyo wote. Ndiyo maana inaniuma watu wanapomweka pale tu ambapo sayansi haijafika, kama mpangaji anayehamishwa chumba kila tunapojifunza jambo jipya.

Kijana aliniuliza, "Kwa hiyo Mungu hakupanga?" Nikamwambia hilo mti huu hauwezi kutujibu, si mimi wala Behe. Unachoweza kutuonyesha ni ndugu zake. Nikamkumbusha Mlima Meru tuliouona jana yake kutoka Shira, na kwamba kule kuna senesio yake yenyewe, Dendrosenecio meruensis. Nikatafuta kichwa cha maua kilichokauka, nikakisugua kiganjani mwake. Mbegu zilitoka na manyoya yao meupe, nyepesi hata pumzi ikazitikisa, naye akafunga ngumi upesi zisipeperuke.