Kutafuta wenzi wa safari ndefu ya hisani: yanayosemwa na yalivyo

Gari limeshapatikana, njia imeshachorwa kwenye ramani, na shirika litakalochangiwa limechaguliwa. Wamebaki kutafutwa watu wawili tu wa kujiunga, na tangazo linataka "wapenda safari". Kwa maoni yangu, hapo ndipo safari nyingi za aina hii hupata ufa. Chukua Mongol Rally, msafara wa magari wa hisani ulioanza mwaka 2004: kwa miaka mingi ulikuwa wa kiasi cha kilomita 16,000 kutoka Ulaya kuelekea Mongolia, ndani ya kigari chenye injini ndogo ya cc 1,000 hivi, bila njia rasmi na bila gari la msaada nyuma. Wapenda safari ni wengi. Wenye likizo ya kutosha, fedha na subira ya wiki kadhaa ndani ya kigari hicho ni wachache.

"Rafiki wa siku nyingi ndiye anayefaa"

Hii ndiyo dhana inayoaminiwa kuliko zote. Mnaweza kuwa chanda na pete na bado mkagombana siku ya nne, kwa sababu urafiki wenu haujawahi kukutana na maswali ya barabarani. Nani anaendesha giza likiingia? Tunalala hotelini au kwenye hema? Mmoja akitaka kupumzika siku mbili na mwingine anataka kwenda, neno la mwisho ni la nani? Mgeni aliyeyajibu haya waziwazi ananifaa kuliko rafiki anayesema "tutaona huko huko".

Jaribio zuri ni safari ya siku mbili au tatu kwa gari lile lile, mizigo yote ikiwa ndani, mkilala nje na mkigawana gharama kwa daftari. Mtazame mtu akiwa na njaa, njia imepotea, mvua inanyesha na hema halijasimama. Akinyamaza na kununa, zungumzeni hapo hapo. Akicheka na kushika kamba ya hema, umepata mwenzi.

"Lazima mmoja awe fundi"

Akipatikana, vizuri sana, lakini si sharti. Kubadilisha tairi, kuangalia oili na maji ya rejeta, na kuwasha gari kwa betri ya mwenzako, kila mmoja anaweza kujifunza kabla ya kuondoka. Springi ikivunjika, mara nyingi fundi wa mji ulio mbele ataiweza. Mtu anayesahaulika ni yule wa makaratasi: viza, bima, leseni za kimataifa. Leseni ya kimataifa inayotolewa chini ya mkataba wa usafiri wa barabarani wa 1949 hudumu mwaka mmoja, na ya mkataba wa 1968 hufika miaka mitatu. Si kila nchi inayokubali zote mbili, kwa hiyo kila atakayeshika usukani aangaliwe yake.

"Tukiwa wengi, gharama inapungua"

Ya mafuta, ndiyo. Lakini watu wazima wanne wenye kilo 75 kila mmoja ni kilo 300, na hapo hujapakia hema, tairi za akiba wala dumu la maji la lita 20, ambalo ni kilo 20 kwa maji peke yake. Kigari kidogo kikielemewa hivyo kwenye barabara ya mashimo, springi ndizo zinazolipa. Napendekeza watatu: mmoja anaendesha, mmoja anasoma ramani, mmoja analala.

"Akichoka, atapanda ndege arudi"

Pengine asiweze. Nchi nyingi huandika gari la kigeni kwa jina la mtu mmoja aliyeliingiza. Uturuki, kwa mfano, huliunganisha na pasipoti yake, naye hawezi kutoka nchini akaliacha nyuma hivi hivi bila kupitia forodha. Kwa hiyo jina litakaloandikwa mpakani liwe la mtu mwenye nia ya kufika mwisho, na aambiwe jambo hilo kabla hajakubali.

Kuna pia wanaochagua wenye miili ya mazoezi, wakidhani hao hawatashindwa na milima. Njia ya Pamir, nchini Tajikistan, hupanda hadi mita 4,655 kwenye njia ya kuvuka mlima iitwayo Ak-Baital, na ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa nyembamba ya juu milimani, huweza kuanza kuanzia mita 2,500 hivi. Mazoezi hayamkingi mtu. Mtafute anayesema mapema "kichwa kinaniuma", ili msimame au mshuke.

"Michango ya hisani italipia safari"

Hili linaniumiza, maana linawadhulumu wachangiaji. Mongol Rally iliitaka kila timu ikusanye angalau pauni 1,000 za hisani, na mafuta, viza na chakula vilikuwa juu ya wasafiri wenyewe. Mwambieni hivyo kila anayeomba kujiunga, siku ya kwanza, pamoja na kiasi anachotakiwa kutoa. Katika msafara wa magari kutoka Plymouth, Uingereza, hadi Banjul, magari hupigwa mnada Gambia na fedha huenda kwenye hisani, kwa hiyo aliyechangia nusu ya bei ya gari ajue kwamba harudishiwi. Yaandikeni yote kwenye karatasi moja: nani ametoa nini, gari likifa njiani nani analipa kulivuta, na anayejitoa baada ya viza kulipiwa anadaiwa kiasi gani. Wote watie saini kabla gari halijanunuliwa.