Upanga mrefu: kuanzia msuka mpaka mkao wa Mjinga

Kila mwanafunzi mpya akishapewa upanga, cha kwanza anauinua kama anataka kupasua kuni, cha pili anauliza "kocha, mkao upi ndo mkali kuliko yote?", yaani namna ipi ya kusimama na kuushika upanga kabla ya kupiga au kukinga. Mi huwa namwambia weka kwanza mezani tuutazame, maana hiyo mikao imetokana na umbo la chuma lenyewe.

Nazungumzia upanga mrefu wa Kijerumani wa karne ya 14 na 15, ule wa mikono miwili, ndo ninaoufundisha. Muvi zinatudanganya eti ulikuwa mzito sijui kama reli, mingi ilikuwa kilo 1.2 mpaka 1.6 hivi, yaani chupa ya maji ya lita moja na nusu basi.

Tuanze na usichokiona. Msuka. Ni uleule unaoujua kwenye jembe au kisu, chuma cha bapa kinachoingia ndani ya mpini, ila kwenye upanga wa kweli unapita wote mpaka mwisho. Mapanga mengi ya mapambo yana msuka mwembamba kama msumari, tena wa kuchomelea, siku moja jamaa mmoja alipiga gogo na wa kwake, bapa, yaani ile sehemu ndefu yenye makali, likachomoka likapita karibu na sikio langu, tangu hapo nasema upanga wa ukutani ubaki hukohuko ukutani.

Mwisho wa mpini kuna kirungu cha chuma, kinabana kila kitu kwenye msuka na uzito wake unavuta mizani irudi karibu na mikono, ndo maana upanga unageuka upesi. Mbele ya mpini kuna chuma kilichokaa kama msalaba, kinalinda vidole na kinanasa upanga wa mwenzako. (Kile kitara kilichonyooka cha Oman hakina huo msalaba, na mshikaji anakuwa na ngao ndogo mkono wa pili.) Halafu ule mfereji katikati ya bapa, jamani, sio wa kupitisha damu! Unapunguza uzito na bapa linabaki gumu, basi.

Sasa hapa ndo pa kukariri. Nusu ya bapa iliyo karibu na mikono inaitwa imara, nusu ya kuelekea nchani inaitwa dhaifu. Ukikinga kwa dhaifu unasukumwa kama mlango usio na komeo, ukikinga kwa imara hata mtu wa gym anagota. Nishaona binti mwembamba akimzuia jamaa wa kilo 100 hivihivi na jamaa haelewi kimetokea nini.

Tuje kwenye mikao. Mwalimu mkubwa wa huko Ujerumani, Johannes Liechtenauer, mafunzo yake yametufikia kwa mashairi, tena ya mafumbo ili mpita njia asiambulie kitu, waliokuja baadaye ndo wakayafafanua kwenye miswada ya karne ya 15. Kwenye hayo mashairi anasema mikao ni minne tu, mingine achana nayo. Na majina mawili ni ya shambani kabisa. Maksai, mikono imepanda pembeni mwa kichwa, ncha inamlenga usoni kama pembe. Plau, mpini uko nyongani na ncha inapanda kumlenga. Juu, upanga uko begani au juu ya kichwa tayari kushuka. Na Mjinga, mikono chini, ncha inaangalia ardhi.

Huyu Mjinga ndo nampenda. Ukimwona unadhani kachoka, kichwa chote kiko wazi, unaingia mbiombio na ncha inapanda kutoka chini inakukuta njiani, sasa mjinga nani hapo? Ila na yeye ana dawa yake, pigo la kushuka moja kwa moja utosini ukiwa umenyoosha mikono yote, mikono yako iko juu, yake iko chini, unamfikia kabla hajakufikia. Na ile mitatu mingine kila mmoja una pigo lake la kuuvunja, kwahiyo swali la mkao mkali kuliko yote linafia hapo.

Tena mikao ni kama vituo vya daladala, hamna anayeishi kituoni. Pigo linaanzia Juu, ukilisimamisha katikati uko kwenye Plau, ukiliachia lote uko kwenye Mjinga, ukipandisha makali kutoka hapo unaishia kwenye Maksai. Mtu anayeganda kwenye mkao mmoja akisubiri, huyo namfuata mwenyewe.

Nyumbani shika hata fimbo ya ufagio, Juu, Plau, Mjinga, Maksai, rudi Juu, taratibu mara 50 kila siku. Ila angalia taa ya darini, mi nishalipa mbili.