Je, wajua kwa nini kupanua manifoldi ya hewa ya lori kunaweza kuipunguzia injini nguvu?

Manifoldi ya hewa ni kile kipande kilichofungwa ubavuni au juu ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda chenye valvu, na ambacho hupokea hewa iliyokwisha kupita kwenye chujio, na kwenye turbo (pampu inayobana hewa) na intakula (kipozeo cha hewa hiyo) kwa injini zilizo navyo, kisha kuigawia kila silinda sehemu yake. Kwa kuwa hakuna tone la mafuta linaloungua bila hewa iliyopita humo, mwenye lori anayetaka nguvu zaidi huona ni jambo la wazi kwamba njia hiyo ikipanuliwa, injini itavuta vizuri zaidi. Mara nyingine hutokea hivyo kweli. Mara nyingine lori lilelile hurudi barabarani likiwa zito kuondoka na mzigo, ingawa kila tundu limeongezwa upana. Sababu ya matokeo haya kupishana iko katika jinsi hewa inavyosafiri ndani ya injini, na anayeielewa atajua ni sehemu gani ya manifoldi ya kiwandani inayofaa kuguswa na ipi iachwe ilivyo.

Tuchukue injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9 yenye silinda sita, ambayo ilifungwa kwenye malori madogo ya Dodge Ram kuanzia modeli ya mwaka 1989. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo katika mizunguko 2,500 kwa dakika injini hii ina nafasi ya kumeza lita 7,375 za hewa kila dakika, na turbo ikisukuma, hewa hiyo hubanwa ikawa nzito maradufu au zaidi. Kila silinda, ambayo ujazo wake haufiki lita moja, hujazwa karibu mara 21 kwa sekunde. Katika kila mara hizo, valvu hufunguka, hewa iliyokuwa imetulia huanza kukimbia, valvu hufungwa, na hewa hiyo hugonga mlango uliofungwa. Hewa ya manifoldi, basi, haitiririki kwa mwendo mmoja; huenda kwa mishtuko, na mishtuko hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kitakachoelezwa hapa.

Mtengenezaji anapochora manifoldi haangalii nguvu peke yake. Ni lazima itoshe chini ya boneti, isubiwe kwa gharama ndogo, isipige kelele, ikubali kifaa cha kupasha hewa wakati wa baridi, na ipitishe moshi unaorudishwa kwenye silinda ili kupunguza uchafuzi. Katika Cummins niliyoitaja, chumba cha hewa kimesubiwa pamoja na silinda hedi yenyewe, kikafunikwa kwa bamba, na hewa huingia kupitia bomba fupi lililopinda na kubanwa. Kwa kiwanda huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu hupunguza vipande na gasketi. Kwa hewa, ni kona kali na mgawanyo usio sawa. Ndiyo maana wenye malori hayo huanza kwa kubadilisha lile bomba lililobanwa, na wale wa mashindano ya kuvuta uzito hufika mbali zaidi: huikata sehemu yote ya chumba kwa mashine, kisha hufunga mahali pake manifoldi ya kutengenezwa yenye mrija wa peke yake kwa kila silinda. Kati ya hatua hizo mbili kuna kazi nyingi ndogondogo, na kwa maoni yangu hizo ndizo zenye faida kubwa kwa lori linalofanya kazi ya kila siku.

Ya kwanza ni mdomo wa mrija, yaani pale hewa inapotoka kwenye chumba kikubwa na kuingia katika njia ya silinda moja. Ikiwa ukingo wa mdomo huo ni mkali, hewa haiwezi kukata kona papo hapo. Hujitenga na ukuta, ikaacha ukanda wa vurugu pembeni, na upana unaotumika kweli ukawa mdogo kuliko ule unaoonekana kwa macho. Katika hesabu za mabomba, mdomo wenye ukingo mkali hupoteza karibu nusu ya nishati ya mwendo wa hewa inayoingia. Ukingo huohuo ukizungushwa kwa nusu kipenyo kisichopungua asilimia 15 ya kipenyo cha bomba, hasara hushuka hadi chini ya asilimia 5. Kwa mrija wa milimita 40, hiyo ni nusu kipenyo cha milimita 6 tu, kazi inayoweza kufanywa kwa grenda ndogo ya mkono na karatasi ya msasa iliyoviringishwa. Hakuna mahali pengine katika manifoldi ambapo chuma kidogo kiasi hicho kikiondolewa huleta badiliko kubwa kama hapa.

Mahali pa pili ni maungio kati ya manifoldi na silinda hedi. Vipande hivi viwili husubiwa mbalimbali, na matundu yake hayakutani sawasawa. Fundi makini hupaka rangi ya buluu ya kuchorea kwenye uso wa kila kipande, huweka gasketi mpya kwa kuiongoza na matundu ya bolti, kisha huchora ukingo wake kwa sindano ya chuma. Rangi ikikwaruzwa, huonekana wazi ni upande gani chuma kimejitokeza ndani ya njia. Linalosahauliwa na wengi ni kwamba kasoro za pande mbili hazilingani. Tundu la manifoldi likiwa kubwa kuliko la hedi, hewa hukutana na ngazi inayoitazama uso kwa uso, na huigonga. Likiwa dogo kidogo kuliko la hedi, hewa huangukia mahali pana zaidi, hasara yake huwa ndogo, na ngazi hiyo huzuia kiasi fulani cha hewa inayotaka kurudi nyuma. Kwa hiyo asiye na uhakika na mkono wake ni afadhali aiache manifoldi ikiwa ndogo kwa nusu milimita kuliko kuipanua kupita kiasi. Unene wa ukuta pia upimwe kabla ya kukata, kwa kuwa manifoldi nyingine hupitisha maji ya kupozea karibu sana na njia ya hewa.

Sasa tuje kwenye kupanua mrija mzima, mahali ambapo nguvu hupotea. Valvu ya hewa haifungwi pistoni inapofika chini. Hufungwa baadaye, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Katika muda huo mfupi hewa huendelea kuingia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ilikuwa inakimbia na haisimami mara moja. Mrija wa milimita 40 ukipanuliwa hadi milimita 44, eneo lake huongezeka kwa asilimia 21, na kwa kiasi kilekile cha hewa mwendo hupungua kwa asilimia 17. Nishati ya mwendo wa kila gramu ya hewa hupungua kwa karibu theluthi moja. Katika mizunguko ya juu hilo halina madhara, kwa sababu hewa bado inakwenda kasi ya kutosha na mrija mpana huipunguzia msuguano. Lakini lori lenye mzigo huanza safari katika mizunguko 1,200 au 1,500, na hapo hewa ya polepole hushindwa na pistoni inayopanda, ikasukumwa kurudi kwenye manifoldi. Silinda hubaki na hewa pungufu, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha krenki, hushuka pale hasa dereva anapoihitaji.

Urefu wa mrija nao una kazi yake, na ushahidi mzuri zaidi ninaoujua hautoki kwenye lori bali kwenye gari la Marekani, Chrysler 300F la mwaka 1960. Pistoni inapoanza kuvuta, wimbi la shinikizo dogo hupanda mrija kwa mwendo wa sauti, karibu mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20, na likifika kwenye mdomo ulio wazi hurudi likiwa wimbi la shinikizo kubwa. Likirudi kabla valvu haijafungwa, husukuma hewa ya ziada ndani ya silinda bila turbo yoyote. Wahandisi wa Chrysler walitumia mirija ya inchi 30, yaani sentimita 76. Wimbi huenda na kurudi humo kwa takriban sekunde 0.0044, na katika mizunguko 2,800 kwa dakika krenki huwa imezunguka kama digrii 74 katika muda huo. Injini hiyo ilitoa nguvu farasi 375, na torki yake ilifikia kilele katika mizunguko hiyohiyo 2,800. Kulikuwa na toleo jingine lenye manifoldi inayofanana kwa nje, ila ukuta wa ndani uliondolewa ili urefu unaofanya kazi uwe inchi 15. Nguvu ilipanda hadi farasi 400, lakini kilele cha torki kilihamia mizunguko 3,600 na torki yenyewe ikapungua. Kwa mtu wa lori, toleo la kwanza ndilo lenye somo la kufaa.

Kanuni hiyohiyo inahusu manifoldi za injini za petroli za V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) zenye kabureta, yaani kifaa cha kuchanganya petroli na hewa; ndani ya manifoldi hizo chumba kimegawanywa sehemu mbili ili silinda zinazofuatana kuvuta zisinyang'anyane hewa. Kuna desturi ya kupunguza ukuta unaozigawa sehemu hizo. Nguvu katika mizunguko ya juu huongezeka kidogo, na mvuto katika mizunguko ya chini hupungua. Kwa lori la kazi, ukuta huo uachwe.

Injini ya dizeli yenye turbo ina mambo yake. Mawimbi bado yapo, lakini shinikizo la turbo hufunika sehemu kubwa ya athari zake, na yanayobaki kuwa muhimu ni mawili: hasara ya shinikizo kati ya intakula na valvu, na usawa wa mgawanyo kati ya silinda. Isitoshe, nguvu ya dizeli hutawaliwa na kiasi cha mafuta. Injini hiyo hufanya kazi daima ikiwa na hewa ya ziada, kwa hiyo manifoldi bora peke yake huonekana kwanza kwa moshi mweusi kupungua na joto la ekzosi kushuka, na nguvu huongezeka pale tu pampu au programu ya nozeli inaporuhusiwa kutoa mafuta zaidi. Jambo jingine huwashangaza wengi: baada ya njia kufunguliwa, geji ya turbo inaweza kusoma chini kuliko zamani. Geji hupima shinikizo lililojengeka mbele ya kizuizi. Kizuizi kikipungua, hewa nyingi zaidi inaweza kupita kwa shinikizo dogo zaidi, tena ikiwa haijapashwa joto sana na turbo.

Kwa sababu hiyo kazi ya dizeli ianze na vipimo. Hupimwa shinikizo katika sehemu mbili, kabla ya mdomo wa manifoldi na kwenye chumba karibu na silinda ya mbali zaidi, lori likipanda mlima na mzigo. Tofauti ikiwa ndogo sana, manifoldi si tatizo na fedha ipelekwe kwenye intakula au turbo. Tofauti ikiwa kubwa, manifoldi ifunguliwe na kutazamwa ndani kabla ya kununua chochote, kwa sababu katika injini zinazorudisha moshi, masizi yaliyochanganyika na mvuke wa oili huganda kwenye kuta na kuzipunguzia njia upana wake. Kusafisha hapo hurudisha nguvu iliyopotea pasipo kukata chuma. Kuuondoa mfumo wenyewe wa kurudisha moshi ni suala jingine. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya Clean Air Act inakataza kuondoa au kuzima vifaa vya kudhibiti uchafuzi.

Joto nalo lihesabiwe. Kila nyuzi 10 zinazopungua kwenye hewa inayoingia huongeza uzito wake kwa takriban asilimia 3, na hiyo ndiyo faida mojawapo ya manifoldi za plastiki, ambazo hazibebi joto la injini kama alumini. Hizo pia huwa laini ndani tangu kiwandani, hivyo huachwa. Kung'arisha kuta za alumini hadi zing'ae kama kioo hakuna faida ya maana. Na katika manifoldi inayopitisha hewa pamoja na petroli, ukuta wenye ukwaru kidogo husaidia mafuta yasijikusanye kuwa matone.

Kabla ya kufunga, kila chembe ya chuma ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha njia zote zipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa chembe moja ya alumini ikiingia silinda hukwaruza ukuta wake. Uso wa maungio hupimwa kwa rula iliyonyooka na fila, yaani vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, na bolti hukazwa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kiwango cha mtengenezaji. Katika injini ya petroli, ile yenye kihisi kinachopima hewa moja kwa moja hujirekebisha kwa kiasi fulani, ilhali ile inayokadiria hewa kutokana na shinikizo la manifoldi huhitaji programu yake ya mafuta kupangwa upya. Kisha vipimo vya mwanzo hurudiwa kwenye mlima uleule, kwa gia ileile na mzigo uleule. Na silinda moja ikionekana ina joto tofauti na nyingine, gasketi ya mrija wake ndiyo inayokaguliwa kwanza.