Maudhi ya dawa za Crohn: lipi la kuvumilia, lipi la kukimbilia hospitali

Maudhi ya dawa ni yale yote ambayo dawa inakufanyia mwilini nje ya kazi uliyoimezea. Anayemeza mseto wa malaria kwa siku tatu hana haja ya kuliwazia sana jambo hili: kichefuchefu kidogo, dozi inaisha, anarudi kazini. Kwa mgonjwa wa Crohn aliyezidiwa, dozi haiishi siku ya tatu. Dawa zake ni za miezi, mara nyingi za miaka, kwa hiyo kujua kuishi na maudhi yake ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Crohn ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia njia ya chakula. Umepewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza mwaka 1932 pamoja na wenzake Ginzburg na Oppenheimer. Unaweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ila unapenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba. Mtu anaharisha kwa miezi, tumbo linasokota, uzito unakwisha. Hapa Dar si ajabu mgonjwa kufika kwa bingwa akiwa ameshatibiwa amiba, taifodi, hata TB ya tumbo, kwa kuwa TB ya utumbo na Crohn zinafanana hata zikitazamwa kwa kamera.

Dawa za Crohn kali zinaituliza kinga. Ikitulia, utumbo unapata nafuu, lakini na vijidudu vya maradhi mengine vinapata upenyo. Maudhi mazito mengi yanatokea hapo.

Tuanze na prednisoloni, maana ndiyo inayoonekana usoni. Inafanya kazi haraka, na haraka hiyo ina gharama yake: usingizi unapaa, njaa inakuja saa tano usiku, hasira zinakuwa karibu, chunusi zinatoka, sukari na presha vinaweza kupanda. Halafu uso unajaa na kuwa duara kama mwezi wa kumi na nne. Mjini kwetu jambo hili lina kero yake ya pekee. Mtu alikonda hadi nguo zikamkataa, sasa yuko kwenye shughuli ya ndugu Temeke, shangazi anamshika mashavu mbele za watu: “Heee, mwanangu, umenawiri! Maisha yamekukubali!” Hajui kwamba mashavu ni ya vidonge. Kwa maoni yangu, “Ahsante, shangazi, shikamoo” inatosha; hudaiwi maelezo ya utumbo wako katikati ya pilau. Uso unarudi polepole dozi ikishapunguzwa.

Mengine yana dawa yake. Dozi nzima inywe asubuhi, baada ya kula, ndipo usingizi upate nafasi usiku. Punguza chumvi na soda. Pima sukari na presha. Mwulize daktari kuhusu kalsiamu na vitamini D, kwa kuwa prednisoloni inadhoofisha mifupa bila kukuuma wala kukupa taarifa.

Kosa kubwa ni kuiacha ghafla kwa sababu mashavu yanakera. Ukiinywa kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo zinapunguza kutengeneza homoni ya asili inayofanana na dawa hii, zikiona ipo ya kununuliwa. Ukikata siku moja, mwili unabaki bila ile wala hii: unalegea, unatapika, presha inashuka, unaweza kuanguka. Inapunguzwa ngazi kwa ngazi, kwa ratiba ya daktari. Na kinyume chake ni kosa pia, yaani kwenda kujiongezea dirishani duka la dawa kila tumbo likivuruga. Prednisoloni ni ya kukutoa kwenye shida, si ya kuishi nayo.

Azathioprini ni mwendo mwingine. Inachukua miezi miwili au mitatu kabla matunda hayajaonekana, wakati kichefuchefu kinaanza wiki za mwanzo. Wengi wanakata tamaa hapo katikati. Kuinywa baada ya mlo, au kuigawa mara mbili kwa ruhusa ya daktari, kunasaidia. Ikishindikana kabisa, ipo ndugu yake, merkaptopurini, ambayo baadhi ya watu wanaivumilia vizuri zaidi. Jua la Dar nalo lichukulie kwa uzito: kofia, mikono mirefu, kanga mabegani, kwa kuwa dawa hii inaongeza hatari ya saratani ya ngozi.

Lisilovumilika ni homa. Azathioprini inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, ndiyo maana unaambiwa upime picha kamili ya damu na ini mara kwa mara hata ukijisikia mzima. Mazoea yetu ni kwamba mwili ukichemka tunanunua mseto, tunalala. Wewe nenda hospitali siku hiyohiyo. Malaria wapime, lakini wataje dawa unayotumia na waangalie damu yote. Vivyo hivyo maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, hasa mwezi wa kwanza: huenda ni kongosho kuvimba.

Methotreksati, kwa Crohn, ni mara moja tu kwa wiki. Waliojisahau wakainywa kila siku wamepata sumu, wengine wamekufa. Chagua siku, iandike kwenye boksi. Haifai kabisa kwa mjamzito, na usichanganye na Septrin, ile tunayojinunulia kikohozi kikitubana, kwa kuwa kwa pamoja zinaweza kuzima uboho, kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Asidi ya foliki inapunguza kichefuchefu.

Kisha kuna sindano: infliksimabu ya dripu na adalimumabu ya chini ya ngozi. Hizi zinaweza kuamsha TB iliyolala, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye TB nyingi, kwa hiyo kipimo cha TB na cha homa ya ini B vinatangulia. Ukiwa nazo, kikohozi kisichoisha na jasho la usiku usivisingizie feni. Adalimumabu inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Nje ya friji inastahimili siku chache tu, tena isizidi nyuzi 25, na Kariakoo mwezi Februari haijui nyuzi 25. Umeme ukikatika, usiufungue mlango wa friji ovyo. Umeme ukichelewa kurudi, hamishia sindano kwenye kibebeo chenye barafu, ukiitenga na barafu kwa kitambaa.

Maumivu ya viungo nayo yanawasumbua wengi wenye Crohn. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuuchokoza utumbo upya, kwa hiyo anza na Panadol.

Tatizo ni kwamba si kila kero ni ya dawa; kuhara na tumbo kuuma huenda ni Crohn yenyewe imeamka. Daftari dogo linasaidia kutenganisha: tarehe, dawa, saa uliyoinywa, kilichotokea, na mizizi au mlonge uliokunywa bila kumwambia mtu. Nenda nalo kliniki. Lililo zito usiishie kumwambia daktari tu, liripoti pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa.