Umeachiwa kiwanja ulime mboga? Kikague kabla hujanunua mbegu

Mkulima akituletea ofisini mche wa nyanya, mara nyingi huwa ameuviringisha kwenye gazeti, mizizi ikiwa bado na udongo. Majani ni ya kijani, hayana madoa wala hayajaungua, ila yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. "Juzi ulikuwa mzima kabisa, bwana shamba. Nipe dawa ya kupiga." Ukimuuliza shamba liko wapi, utasikia ni kiwanja cha mtu ambaye hajaanza kujenga, amemruhusu alime ili pasigeuke kichaka au jalala.

Mboga nyingi zinazoliwa Dar es Salaam na miji mingine zinatoka kwenye ardhi ya namna hiyo: viwanja vya kuazima, kingo za mito, vipande vya kukodi kwa msimu. Sina neno na kilimo hicho, tena nakipenda, kwa sababu kinalisha familia na kusomesha watoto. Shida yake ni kwamba anayepewa kiwanja hupewa pia yote yaliyofanyika pale kabla yake. Kama aliyetangulia alilima nyanya zikafa, ugonjwa bado uko ardhini unamsubiri.

Turudi kwenye ule mche. Chukua glasi ya kioo, ijaze maji safi yaliyotulia. Kata kipande cha shina karibu na chini, chenye urefu wa kidole, kisha kishike ili ncha iliyokatwa izame kidogo tu. Usitikise. Baada ya dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina kwenda chini ya glasi, huo ni mnyauko bakteria. Uzi wenyewe ni mamilioni ya bakteria waliokuwa wameziba mishipa ya kupitisha maji, ndiyo maana mche unanyauka hata ukimwagilia asubuhi na jioni. Dawa ya kuutibu haipo. Anayekuuzia chupa kwa ajili ya ugonjwa huu anakula fedha yako bure.

Kinachosaidia ni kubadilisha zao. Nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu na viazi mviringo ni ndugu wa ukoo mmoja, kwa hiyo kutoka nyanya kwenda bilinganya si kubadilisha. Nenda kwenye mchicha, vitunguu, sukuma wiki au mahindi, na ukae huko misimu kadhaa. Miche iliyonyauka ing'oe na mizizi yake, usiitupe kwenye shimo la mboji wala kwenye mfereji wa maji, maana bakteria hao husafiri na maji. Osha jembe kabla ya kuhamia tuta jingine.

Adui wa pili hukaa kwenye udongo wa kichanga, ambao pwani umejaa tele: minyoo fundo. Ni midogo mno kuonekana kwa macho, lakini kazi yake inaonekana. Siku unapokabidhiwa kiwanja, ng'oa taratibu magugu na mimea iliyobaki, ioshe mizizi kwenye beseni. Ukikuta imevimba na kuwa na mafundo kama shanga zilizotungwa, minyoo ipo. Wengi hapa huchanganya mambo, kwa sababu kunde na maharage nayo yana vinundu, na vile ni vya heri, vinairutubisha ardhi. Tofauti utaijua kwa kucha: kinundu cha kunde kimekaa pembeni ya mzizi na kinabanduka, tena ukikipasua kikiwa hai ndani yake ni chekundu-waridi. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, haubanduki. Ukiyakuta mafundo, geuza udongo wakati wa kiangazi uache jua liukaushe wiki kadhaa, halafu ongeza mboji kwa wingi. Kama huna muda wa kusubiri, panda kwenye viroba ulivyojaza udongo wa mahali pengine.

Maji nayo yanataka maswali. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliopima kadmiamu, shaba, risasi na zinki kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na tangu hapo jiji limekua sana. Madini mazito yakishaingia ndani ya jani, kuosha hakuyatoi. Kuosha kunaondoa vumbi na vijidudu vya juu tu. Kwa hiyo kama kiwanja kilikuwa gereji, au watu walikuwa wakichomea hapo betri na nyaya, usipande mboga za majani kwenye udongo ule. Tumia viroba, na maji ya bomba, kisima au mvua. Najua maji ya bomba yana bili. Lakini mlaji wa kwanza wa ule mchicha ni mwanao.

Samadi ya kuku inauzwa rahisi mabandani, na ndiyo inayounguza bustani nyingi za wanaoanza. Irundike kivulini, inyunyizie maji, ifunike, uwe unaigeuza. Baada ya wiki sita hivi, chomeka nondo katikati ya lundo, subiri dakika kumi, uitoe na kuishika. Kama inachoma mkono, au lundo linatoa harufu kali ya kuwasha pua, bado. Ikiiva, debe la lita 20 linatosha mita mbili za mraba.

Sasa, upande nini? Hilo linategemea umeruhusiwa kukaa muda gani, nami nashauri makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hata kama mwenye kiwanja ni jamaa yako. Wa miezi mitatu apande mchicha, unaochumwa wiki ya tatu au ya nne tangu kusiwa. Matembele yanafuata. Nyanya usizikimbilie msimu wa kwanza, kwa sababu tangu mwaka 2014 tuna kantangaze hapa nchini, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, na anayeanza huishia kupiga dawa kila baada ya siku chache, kisha anachuma bila kuhesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Mwenye uhakika wa mwaka mmoja na nusu apande mipapai. Mwembe au mchungwa mwachie mwenye kiwanja. Papai halistahimili maji yaliyotuama hata siku mbili, hivyo panda juu ya kilima kidogo, mashimo yaachane mita mbili na nusu, kila shimo miche mitatu. Usipunguze mapema, maana mche mchanga haukuonyeshi kama ni dume au jike. Subiri maua, kuanzia mwezi wa nne au wa tano: ya dume yananing'inia kwenye mikia mirefu yenye matawi, ya jike yamekaa moja moja yakigusa shina. Ng'oa madume, ubakize moja kwa kila majike kumi, na kila shimo libaki na mti mmoja.