Acheni kumwita James Earl Jones "ile sauti"

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja studio kwa usaili wa kuingiza sauti kwenye tamthilia. Ana nidhamu, amefika kabla ya saa, skripti ameishika kwa mikono miwili. Nikamwekea maiki, nikamwambia asome mistari miwili ya baba anayezungumza na mwanawe. Kabla hajafungua kinywa, kidevu kikashuka kifuani, mabega yakapanda, shingo ikajaa, halafu ikatoka ngurumo. "Kumbuka" ikawa "kumbk". "Mwanangu" ikawa "mwanang".

Nikasimamisha kurekodi.

"Mwanangu, huyo baba ana umri gani?"

"Sijui, mwalimu."

"Na mtoto yuko wapi? Yuko ubavuni kwake au ng'ambo ya uwanja?"

"Sijui, mwalimu. Mimi nilikuwa namfanya James Earl Jones."

Huyu ni wa nne mwaka huu. Simlaumu, kwa sababu hakuitunga mwenyewe imani hiyo, kaikuta. Mzee Jones, mwigizaji wa Marekani, alipofariki tarehe 9 Septemba 2024, akiwa na miaka 93, rambirambi nilizosoma kwa siku tatu mfululizo zilisema jambo lilelile: alizaliwa na sauti nzito, akaipeleka Hollywood, wakamfanya Darth Vader, yule mwovu wa filamu za Star Wars, kisha Mufasa, baba simba wa The Lion King, basi. Yaani miaka sitini ya kazi imekuwa koo. Nafundisha watu kuigiza mbele ya maiki na mbele ya kamera, na nataka niliseme hili mara moja kwa urefu, ili mwanafunzi wa tano nimtumie aje amesoma.

Nianze na hilo la kuzaliwa. James Earl Jones alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, Mississippi. Akiwa na miaka kama mitano, babu na bibi waliomlea walihama naye kwenda kwenye shamba Michigan, na katika kuhama huko ulimi ukafunga. Kigugumizi kikamshika hadi akaacha kabisa kusema mbele za watu. Nyumbani alisema kidogo, na mifugo alizungumza nayo. Shuleni alikuwa bubu wa hiari kwa miaka karibu minane. Huyo ndiye mnayemwita "sauti ya kuzaliwa". Uzito wa koo ulimjia baadaye kama unavyomjia kijana yeyote anayebaleghe, na ulimkuta mtu asiyesema.

Kisha akatokea Donald Crouch, mwalimu wake wa Kiingereza sekondari, akagundua kwamba mtoto huyu anaandika mashairi. Jones alikuwa ametunga shairi juu ya balungi, kwa kufuata mwendo wa shairi la Mmarekani Longfellow kuhusu Hiawatha. Crouch akamwambia shairi ni zuri mno, na kama kweli ni lake, asimame alighani darasani kwa moyo. Akasimama. Hakugugumia.

Watu husimulia kisa hiki kama muujiza, na hapo ndipo ninapokosa subira, kwa sababu wanaruka sehemu yenye kazi. Mwendo wa shairi lile la Longfellow ni silabi nane kwa mstari, zito, jepesi, zito, jepesi. Mswahili aliyekua akisikia utenzi anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa, maana mizani ni nane vilevile. Anayeghani hahitaji kuamua neno linalofuata litue lini. Mwendo umeshaamua, yeye anapanda juu yake kama mtu anayepanda ngalawa iliyokwisha kushika tanga. Nimewahi kuwa na mwanafunzi mwenye kigugumizi, nikampa beti za utenzi, akazishusha zote bila kukwama. Nilifurahi hadi macho yakanilenga. Alipotoka nje kununua maji alikwama kwenye neno "maji".

Kwa hiyo nakiri mbele yenu: sijui kwa nini mwendo unafungua ulimi wa mtu ndani ya ubeti, halafu mlango unajifunga akiingia mtaani. Nimeshaona unafungua, nimeshaona haufungui. Jones mwenyewe hakudai kwamba alipona. Hata uzeeni alisema kigugumizi bado anacho, ila amejifunza kufanya nacho kazi. Naomba mliokuwa mnaandika "alikishinda kigugumizi" mrudi mkafute.

Na nadhani, haya ni maoni yangu ya kazini, kwamba uzito mnaousikia kwake unatokea hapo. Mwenye kigugumizi huyaona maneno yakija kutoka mbali. Analiona lenye mtego, analipima, anatafuta jingine la kupitia pembeni. Hakuna neno analolichukulia kirahisi. Msikilizeni Jones kwa masikio hayo: kabla ya neno kubwa kuna kituo kidogo sana, na konsonanti ya kwanza ameishika kikamilifu kabla hajaiachia. Hicho ndicho kinachowasisimua. Mkikitafuta kwenye zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, hamtakiona.

Sasa Darth Vader, maana najua bila yeye hamtaondoka. Mwaka 1977, katika Star Wars ya kwanza, mwili ndani ya yale mavazi ulikuwa wa Mwingereza David Prowse, na mwongozaji George Lucas alitaka sauti nyingine. Jones akaitwa, akarekodi kwa muda wa kama saa mbili na nusu, akalipwa dola 7,000. Hakutaka jina lake liandikwe kwenye filamu ile wala iliyofuata, akijiona ni sehemu ya madoido ya kiufundi (special effects) tu. Hadi filamu ya tatu, mwaka 1983, ndipo jina likaonekana. Na ile pumzi ya kukoroma mnayonifanyia darasani si ya Jones hata kidogo. Fundi sauti Ben Burtt aliirekodi kwenye kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Mnajikausha koo kumwiga mtu kwa kitu ambacho hakukifanya.

Alichokifanya Jones ni hiki, na amekieleza mwenyewe: aliibana ile sauti ndani ya njia nyembamba. Vader ni mtu aliyepoteza namna za kibinadamu za kueleza hisia, kwa hiyo haruhusiwi kupanda wala kushuka sana. Mwigizaji mwenye sauti pana kama bahari akakubali kutumia kamkondo kamoja. Mnasikia unene, mimi nasikia kujinyima. Jaribuni leo usiku: someni tangazo la msiba kwa sauti yenu ya kawaida kabisa, msiishushe, lakini mwondoe mawimbi yote isipokuwa hatua moja juu na moja chini. Mtaogopesha nyumba nzima, hata mkiwa na sauti ya kinanda.

Kwa Mufasa, mwaka 1994, kazi ikawa kinyume chake. Jones alisimulia kwamba mwanzoni alikosea kwa kumfanya mfalme mno. Walioongoza wakamuuliza yeye ni baba wa namna gani nyumbani, akawaambia ni baba wa mizaha. Wakamtaka huyo. Wachoraji wakachukua hata mikunjo ya uso wake wakaitia kwenye uso wa simba, na sauti nayo ikabadilika. Yaani yule baba mnayemwiga kwa kukaza shingo alipatikana baada ya mwigizaji kuambiwa ailegeze. Wenye kupenda mambo haya waangalie pia kwamba Madge Sinclair, aliyetoa sauti ya Sarabi, alikuwa malkia wake vilevile katika Coming to America ya mwaka 1988. Ndoa mbili za kifalme, waigizaji walewale, na hakuna aliyelazimika kunguruma.

Kiswahili nacho kina adhabu yake kwa wanaonguruma. Maneno yetu yanaishia kwa irabu, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukishusha zoloto kwa nguvu, pumzi yote inamwagika kwenye mkazo, irabu ya mwisho inazama. Mzungumzaji wa Kiingereza anaweza kuvumilia hasara hiyo kwa sababu maneno yake mengi yanafungwa na konsonanti, na Jones alikuwa akizifunga kama mtu anayefunga mlango wa ghala. Sisi irabu ya mwisho imebeba sarufi. Anasoma, asome, hasomi: meza irabu, na msikilizaji amebaki na viambishi vya mwanzo tu vya kumwambia kama umeeleza, umeamrisha au umekanusha. Nimekata teki (rekodi za mstari mmoja mmoja) nyingi nzuri kwa sababu hiyo moja. Muigizaji alikuwa na hisia, alikuwa na sura, lakini "usiende" ikafika kwenye spika ikiwa "usiend", na mama anayesikiliza tamthilia huku akikaanga samaki hawezi kurudisha nyuma.

Nakiri jambo la pili, ili nisije nikaonekana nadanganya. Jones angekuwa na sauti nyembamba, asingeitwa kumfanya Vader. Umbo la koo ni riziki kama urefu wa mchezaji wa kikapu, na lilimfungulia milango. Kinachoniudhi ni watu kuangalia mlango wakadhani ndiyo nyumba.

Nyumba ilijengwa jukwaani, na hapa nitapita haraka kwa sababu orodha mnaweza kuitafuta wenyewe. Aliingia Chuo Kikuu cha Michigan akikusudia udaktari, akahamia tamthilia, akatumikia jeshini, akaenda New York, akasafisha sakafu huku akisomea uigizaji. Baba yake, Robert Earl Jones, alikuwa mwigizaji pia, na walikuja kujuana mwana akiwa mtu mzima. Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick alimwona kwenye tamthilia ya Shakespeare iliyochezwa bustanini New York, akampa nafasi ya kwanza ya filamu katika Dr. Strangelove, 1964. Mwaka 1969 akapata Tony, tuzo ya tamthilia za jukwaani, kwa The Great White Hope, akiigiza bondia aliyechorwa kutokana na bondia wa kweli, Jack Johnson, na filamu yake ya 1970 ikamfanya mwanamume mweusi wa pili, baada ya Sidney Poitier, kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora. Tony ya pili mwaka 1987 kwa tamthilia ya Fences ya August Wilson. Emmy mbili, tuzo za televisheni, usiku mmoja mwaka 1991. Oscar ya heshima 2011. Ukumbi mmoja wa tamthilia huko Broadway, New York, unabeba jina lake tangu 2022. Mtu haendi huko kote kwa koromeo.

Hotuba ya besiboli katika Field of Dreams, 1989, nataka niikalie kidogo, kwa maana ndiyo mnayoniletea mkitaka kuonyesha "sauti kubwa". Isikilizeni tena. Mwandishi Terence Mann, anayeigizwa na Jones, hahutubii umati. Anamshawishi mtu mmoja, Ray, asiuze shamba lake, wakati shemeji anamsukuma auze. Anamwita jina tena na tena, na kila "Ray" ina kazi yake: moja inamgusa begani, moja inamzuia, moja inamwonyesha kitu kwa mbali. Hesabuni majina hayo na muandike pembeni kila moja linamfanyia nini Ray. Ukiyafanya yote yafanane, hotuba inakufa, hata ukiwa na koo la kiboko.

Mazoezi ninayowapa wangu ni kutazama Claudine ya mwaka 1974 bila sauti. Jones ni Roop, mzoa taka, anakutana na Diahann Carroll, mama wa watoto sita, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya watu. Zima kabisa. Tazama anavyosimama mtu mkubwa asiyetaka kumtisha mwanamke anayempenda, anavyocheka kwa mabega, anavyojipunguza mlangoni. Halafu tazama Matewan, 1987, mchimba makaa mweusi katikati ya mgomo wa West Virginia, na uangalie jinsi anavyosikiliza wenzake. Kusikiliza hakurekodiwi na maiki, lakini mstari unaofuata unatokea humo.

Yule kijana nilimzimia Claudine sauti, akakaa dakika ishirini amenyamaza. Nikamrudisha kwenye maiki, nikamwekea kiti cha plastiki mbele yake, usawa wa kiuno, nikamwambia mtoto amesimama hapo na amefanya kosa, lakini usingizi umeshamshika. Kidevu kikainuka chenyewe. "Kumbuka, mwanangu," akasema, kwa sauti yake ya kila siku, nyembamba kidogo, na ile "-ka" ya mwisho ikafika hadi kwenye kioo cha chumba cha fundi. Fundi akanyosha kidole gumba.

Darasa linaanza Jumatatu saa kumi jioni. Mje na beti mbili za utenzi mmezihifadhi.