Kuchukuliwa kinyama cha tezi dume: maumivu yanayosemwa na maumivu yaliyopo

Mzee ambaye kipimo chake cha damu cha PSA (protini inayotoka kwenye tezi dume) kimetoka juu, au daktari amemgusa tezi na kukuta uvimbe mgumu, anaweza kuandikiwa kwenda Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, kuchukuliwa kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vya kupimwa kama kuna saratani. Kabla hajafika ameshasikia mengi mwaloni na kwenye kivuko, na karibu yote ni ya kutisha.

"Wanakukata nyama ukiwa unaona."
Hakuna kisu. Kinachotumika ni sindano ndefu yenye unene wa milimita 1.2 hivi, imefungwa kwenye kifaa cha springi. Inaingia na kutoka chini ya sekunde moja, na kila mara inatoka na uzi wa nyama usiofika sentimita 2. Kwa kawaida huchukuliwa 10 hadi 12. Kifaa hulia "ta!" kama stepla, na wengi hushtushwa na mlio kuliko mchomo wenyewe. Mwombe daktari akilize mara moja hewani kabla hajaanza.

"Ganzi ni ile jeli tu, na haisaidii."
Hapa ndipo penye mambo. Jeli husaidia kwenye njia ya haja kubwa wakati kipimo cha ultrasaundi kinapoingizwa, lakini haifiki kwenye mishipa ya fahamu ya tezi. Kazi hiyo ni ya sindano ya ganzi: lignokeini ya asilimia 1, mililita 10 hivi, nusu kulia na nusu kushoto, mahali tezi inapokutana na vifuko vya manii, daktari akiongozwa na picha ya ultrasaundi. Yenyewe inawasha kidogo inapoingia.

Kosa linaloharibu kazi nzuri ni haraka. Ganzi inahitaji dakika kadhaa ishike. Ukianza kuchomwa papo hapo, utasema haikufanya kazi, kumbe haikupewa muda. Kwa hiyo uliza mapema, siku ya kupangiwa tarehe: "Daktari, nitachomwa ganzi ya pembeni mwa tezi, au ni jeli peke yake?" Ni swali la haki kabisa. Na mwambie kama umewahi kudhurika na ganzi, hata ya kung'olea jino. Baada ya kuchomwa, ukisikia masikio yanavuma, midomo inakufa ganzi au kizunguzungu, sema hapo hapo.

"Mwanaume hulii, unakaza."
Kukaza ndiko kunakoumiza. Kwa wengi, sehemu isiyopendeza zaidi ni kipimo kupita kwenye misuli ya haja kubwa. Utalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Kikianza kuingia, toa pumzi taratibu na usukume kidogo kama unayetaka kwenda haja; misuli italegea. Mchomo ukiwa mkali, sema. Daktari anaweza kusimama na kuongeza ganzi, lakini hawezi kujua unaumia kama umenyamaza. Wapo wanaochukuliwa kinyama kupitia ngozi kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Hapo ngozi hutiwa ganzi kwanza.

"Usile tangu jana yake."
Kwa ganzi ya sehemu, hapana, isipokuwa umeelekezwa hivyo. Mtu aliyetoka Sengerema alfajiri bila hata chai ndiye anayeanguka kizunguzungu akiinuka kitandani. Kufunga ni kwa anayelazwa usingizi.

"Kunywa kidogo, au meza diclofenac kabla."
Pombe kali haitii ganzi tezi. Diclofenac, ibuprofen na aspirini huweza kuongeza kutoka damu. Anayetumia aspirini ya moyo au warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiache mwenyewe, aulize aliyemwandikia. Cha kutuliza maumivu ni paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.

"Saratani ikiguswa na chuma inasambaa."
Hii ndiyo inayochelewesha watu mpaka mgongo unauma, saratani ikiwa imeshafika mifupani. Kuchukua kinyama hakugeuzi uvimbe kuwa saratani, na saratani kusambaa kwa sababu ya sindano hiyo ni jambo la nadra mno.

"Maumivu yakiisha, yameisha."
Kidonda kidogo ndani huuma siku moja mbili. Damu kidogo kwenye mkojo na choo kwa siku chache ni kawaida. Kwenye manii inaweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Bodaboda uache siku hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi zimalizwe kama zilivyoandikwa, hata kama huumwi.

Kinachohitaji mbio ni homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, mkojo kugoma, au damu yenye mabonge. Homa ya namna hii inaweza kuanza usiku wa kwanza au siku chache baadaye, na si ya kusubiri kipimo cha malaria kwanza. Kwa hiyo anayetoka Ukerewe au visiwa vya mbali ni vyema alale mjini kwa ndugu siku mbili tatu, kwa sababu saa nane za usiku meli hakuna.